Dirisha Alilofungua Philomène

Jumapili, 14 Septemba

Séraphine ameondoka leo asubuhi na boti ya Bukavu. Binti yetu Bénie anatarajia kujifungua mwezi wa kumi, mtoto wake wa kwanza, na mama yake hawezi kukaa mbali. Atarudi karibu na Noeli. Bandarini hakuniambia nijitunze. Aliniambia: "Fortunat, mvua inaanza. Baridi isiniulie ndege."

Ndege wenyewe ni kasuku wawili. Shemeji yangu aliwaleta kutoka msitu wa Walikale miaka kumi na minne iliyopita, ndani ya kikapu, bado hawajaota manyoya vizuri. Kwao ni joto mwaka mzima. Sisi hapa Majengo tunaishi juu ya mawe ya volkeno, katika nyumba ya mbao, na upepo hauhitaji ufunguo. Mmoja anaitwa Kapiteni kwa sababu anapiga filimbi kama boti inayokaribia bandari. Mwingine ni Sista: kijivu mwili mzima, mkia tu ndio mwekundu, na hasemi neno. Séraphine anasema Sista ndiye mwenye akili.

Nilikuwa karani wa depo ya kahawa miaka thelathini na moja. Kila jioni niliandika kilichoingia na kilichotoka. Tangu nistaafu mkono umekuwa ukiniwasha. Basi nimenunua kaye, daftari la kuandikia kila siku.

Jumatano, 17 Septemba

Manyunyu. Ndege wamekula vizuri.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimtaje Philomène, maana ndiye tuliyebaki naye uani. Anatoka milima ya Masisi, kwa watu wa ng'ombe. Amekimbia vita mara mbili. Mara ya kwanza mume wake alibaki huko, na kaburi lake hajui liko wapi. Baada ya kambi ya wakimbizi kuvunjwa, Séraphine alimkuta kanisani na godoro kichwani, akamleta hapa, akampa kile chumba cha mbao nyuma ya jiko tunachokiita aneksi. Anasafisha chumba cha ndege na kutusaidia kufua. Ni mwanamke mtulivu, ila juu ya wanyama ana maneno.

Leo alinisimamisha mlangoni.

"Papa Fortunat, hii ndege iko na baridi. Ona vile Sista anasimama."

Sista alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amejivimbisha kama mpira, kichwa mgongoni.

"Analala," nikasema.

"Hapana, papa. Ndege yenye kulala muchana na kuvimbisha manyoya, ile ni baridi. Kwetu, mutoto wa ng'ombe akizaliwa mu mvua, tunaweka maji ya moto mu bido, tunafunga na nguo, tunalaza pembeni yake. Hata hapa inaweza kusaidia."

"Kasuku si ndama, mama."

Alicheka kidogo, kwa adabu, akaendelea kufagia.

Mimi nimefunga ampuli kubwa ya umeme kando ya tundu. Baada ya nusu saa Sista alisogea karibu nayo na kushusha manyoya. Nilimpigia Séraphine simu nikamwambia nimetengeneza shofaji, mashine ya joto.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimenunua shitingi, turubai la plastiki, na kukusanya katoni. Kutwa nzima nimeziba nyufa za chumba cha ndege, ukuta kwa ukuta, hadi darini. Sasa hata mshumaa hautikisiki mle ndani.

Philomène aliomba kipande cha shitingi kilichobaki. Paa la aneksi linavuja juu ya kitanda chake. Nilimwambia asubiri, huenda nitakihitaji kwa mlango. Tuone kwanza ndege. Alisema, "Hakuna shida, papa."

Ijumaa, 3 Oktoba

Umeme umekatika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bado. Ampuli imekaa kama jicho la mfu. Sista amevimba tena.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimepata dawa. Mbabula, jiko letu la makaa! Niliwasha makala uani, nikasubiri hadi yote yakawa mekundu na moshi ukaisha kabisa, ndipo nikaiingiza chumbani na kufunga mlango. Kwa dakika chache kukawa Walikale. Kapiteni alipiga filimbi mara tatu. Nilijiona mwanaume wa maana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilipoamka nilikuta dirisha la ndege wazi na ukungu wa asubuhi unaingia.

"Nani amefungua?"

"Ni mimi, papa," akasema Philomène. "Mule ndani hewa ilikuwa nzito. Nimeachilia kidogo ipite."

"Baridi nimeifukuza usiku kucha, wewe unaikaribisha asubuhi?"

"Makala mu nyumba ya kufunga haiko muzuri."

"Umeona moshi?"

"Hapana."

"Basi."

Alhamisi, 9 Oktoba

Dirisha wazi tena. Nimelifunga mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba

Bénie amejifungua mtoto wa kike! Wote wazima. Séraphine alilia kwenye simu, nami nikalia, na Philomène, aliyekuwa akianika nguo, aliziacha kambani nusu akacheza uani peke yake, mikono juu kama pembe za ng'ombe, vile wanavyocheza kwao. Kisha akaenda sokoni na kurudi na ngazi, zile mbegu nyekundu za mchikichi, akawapa ndege. "Na wao wale karamu," akasema. "Mafuta yake inaleta joto mu mwili." Kapiteni siku hizi anamwita. "Filo! Filo!" Mimi sijawahi kumsikia akiita jina langu.

Jumanne, 14 Oktoba

Dirisha wazi. Nimelipigilia msumari. Nimemwambia Philomène kwa maneno machache na ya wazi: dirisha hili si kazi yako.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kichwa kinaniuma kila jioni nikikaa na ndege kusoma. Miwani imezeeka, kama mwenyewe.

Jumatano, 22 Oktoba

Sista amekufa.

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, kama tulivyoandika depo ilipopata hasara.

Jana mvua ilianza saa sita mchana na haikukoma. Jioni ikageuka mvua ya mawe, bati zikapiga kelele hata sikusikia redio. Umeme ulikuwa umekatika tena, siku ya tatu. Ndege wote wawili walikuwa wamevimba. Nilijaza mbabula makala mara mbili ya kawaida, nikaiingiza ikiwa nyekundu, bila moshi. Nilifunga mlango na kuweka gunia chini yake ili upepo usipite. Nikaenda kulala na moyo mweupe.

Kulipopambazuka nilisikia shitingi ikipigapiga. Nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi. Dirisha lilikuwa wazi. Msumari ulikuwa sakafuni. Mvua ilikuwa imeingia hadi katikati ya chumba. Ndani ya tundu Sista alikuwa amelala kifudifudi, kucha zimejikunja. Nilimshika. Alikuwa baridi na mwepesi, mwepesi kuliko nilivyodhani miaka hii yote.

Kapiteni hakuwamo.

Nilimkuta Philomène kwenye baraza, ameketi juu ya kreti, miguu yake inarushiwa maji ya mvua. Alikuwa amemfunika Kapiteni kwa kitenge chake kifuani, kichwa tu cha ndege kinaonekana, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Umefanya nini?" nikasema.

"Papa, nimekuta wote wawili chini. Hewa ilikuwa nzito, hata mimi kichwa ilinizunguka. Nimefungua. Sista alikuwa amekwisha. Huyu bado anapumua."

"Nani aling'oa musumari?"

"Ni mimi."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, papa. Lakini walikuwa chini."

"Walikuwa chini kwa sababu ya baridi yako! Tazama chumba! Mvua imeingia mpaka kwenye tundu!"

"Baridi haiui mbio vile. Ni makala. Makala inaua hata bila moshi. Kwetu kulikuwa familia moja, walilala na mbabula..."

"Makala yangu haikuwa na moshi!"

Nilikuwa napiga kelele. Jirani ng'ambo ya ukuta alizima redio yake ili asikie. Philomène aliinamisha macho. Hakuomba msamaha, na hiyo ndiyo iliyoniwasha. Nikasema neno ambalo naliandika hapa kama nilivyolisema, kwa sababu karani hafuti: "Ninyi watu wa kambi, mutu anawapa nyumba, munamuletea kifo."

Alisimama, akaniwekea Kapiteni mikononi pamoja na kitenge chake, taratibu, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Akaenda aneksi. Hakuchukua muda, hana vitu vingi. Alitoka na godoro limefungwa kwa mfuko wa plastiki, sufuria moja na biblia.

"Papa, umupe maji ya vuguvugu na kijiko," akasema getini. "Usimurudishe mule ndani leo."

Akaondoka.

Majengo huwezi kuchimba kaburi. Ni jiwe tupu. Nilimweka Sista karibu na ukuta wa nyuma, nikampangia mawe juu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempigia Séraphine.

"Sista amekufa," nikamwambia. "Philomène alifungua dirisha wakati wa mvua."

Nikasikia mjukuu wangu akilia kwa mbali.

"Philomène? Philomène wetu?"

"Ndiye."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema ni makala. Ni mutu wa kujitetea tu."

"Iko wapi sasa, nimuongelee?"

"Nimemufukuza."

"Mu mvua?"

"Mvua ilikuwa imepunguka."

Haikuwa imepunguka. Ilikuwa inanyesha hivi kwamba mkunjo wa godoro ulikuwa unatiririka kabla hajafika barabarani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Kapiteni anakula kidogo. Hapigi filimbi.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimesali peke yangu nyumbani, nilisingizia mvua. Ukweli ni kwamba Philomène anasali parokia ile ile na sikutaka kuona macho yake.

Kapiteni ameita "Filo" mara moja, kisha akasubiri, kichwa upande.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemhamishia Kapiteni chumbani kwangu. Huyu hafi. Nimeziba nyufa za chumba changu pia, kwa shitingi iliyobaki. Mbabula naiweka katikati, baina ya kitanda na tundu, na dirisha halina wa kulifungua.

Jumapili, 9 Novemba

Kichwa. Nimetapika asubuhi. Chakula cha jana, labda.

Alhamisi, 13 Novemba

Kichwa. Joto chumbani ni zuri sana. Kapiteni analala mno.

Jumatatu, 17 Novemba

Jana sikuandika kwa sababu sikuweza kushika kalamu. Leo mkono unatii.

Jirani yangu Anastase amerudi. Alikuwa kwao Kalengera tangu mwezi wa nane kwa msiba wa kaka yake, akabaki kugawanya ng'ombe wa marehemu. Kabla ya kustaafu alikuwa mganga wa mifugo, na kwa miaka mingi tumekwenda misa pamoja. Jana asubuhi alipita kunichukua. Aligonga. Mimi nilisikia kugonga kwake kama mtu anayetwanga mbali sana, ng'ambo ya ziwa. Nilitaka kujibu, ulimi ulikuwa mzito. Nilitaka kusimama, miguu haikuwa yangu. Nilimwona Kapiteni chini ya tundu, bawa moja limefunuka, na nikafikiri, bila huzuni yoyote, aa, na huyu. Hiyo ndiyo inanitisha leo: sikuwa na huzuni. Nilikuwa na usingizi tu.

Anastase aliuvunja mlango kwa bega. Alinivuta kwa kwapa hadi barazani na kuniacha pale juu ya saruji baridi, akarudi ndani kumchukua ndege, akarudi tena akatoa mbabula na kuitupa uani na makala yake yote. Kisha akafungua dirisha langu. Nilisikia mlio wa shitingi ikipasuka.

Nilikaa pale labda saa nzima, natapika na kuvuta hewa. Kapiteni alikuwa mapajani mwa Anastase. Polepole akafunga bawa.

"Nani alikufundisha kulala na makala mu chumba cha kuziba hivi?" akauliza.

"Haikuwa na moshi."

"Fortunat! Moshi ni adui mwenye adabu, anabisha hodi. Sumu ya makala haina harufu, haina rangi. Inakulaza tu. Ndege inaanguka kwanza sababu mwili yake ni kidogo na inapumua mbio. Kisha mutu. Ungebaki mule mpaka saa ya kutoka misa, tungekuja kukulilia."

Nilimwuliza swali ambalo tayari nilijua jibu lake. Nilimweleza asubuhi ya tarehe ishirini na mbili: makala mara mbili, gunia chini ya mlango, ndege wawili chini, dirisha limefunguliwa, mmoja mzima.

Alimkuna Kapiteni shingoni kwa kidole.

"Aliyefungua dirisha ndiye aliyekuachia huyu," akasema. "Ni nani?"

"Philomène. Yule mupangaji wetu wa aneksi."

"Umemushukuru?"

Nilimwambia nilichofanya. Anastase ni rafiki yangu wa miaka ishirini. Alinirudishia ndege, akachukua kofia yake, na akaenda misa akiwa amechelewa.

Jioni alirudi na kunifundisha. Tundu liwekwe mbali na mlango na dirisha, juu ya meza, si sakafuni. Blanketi juu, nyuma na pembeni, mbele pabaki wazi. Moto kamwe. Maji ya moto katika bido, kidumu cha plastiki, kifuniko kikazwe vizuri, uiviringishe kwa nguo, uilaze ubavuni mwa tundu, uyabadilishe yakipoa. Mchana, jua likitoka, umtoe alipate. Chakula chenye mafuta: karanga, ngazi.

"Hiyo ya bido umeitoa wapi?" nikauliza.

"Kila mufugaji anaijua. Ndiyo tunafanyia ndama."

Jumanne, 18 Novemba

Leo nimeingia aneksi. Ni mara ya kwanza tangu Philomène alipohamia humo. Nilikuwa na maelezo mengi tayari kichwani: kwamba sikujua, kwamba mtu yeyote angedhani ni baridi, kwamba ni hasira ya msiba. Nikasimama mahali kitanda chake kilipokuwa. Mvua ilikuwa ya kawaida tu, na tone likaniangukia shingoni. Nikasogea, jingine likanifuata. Kwenye sakafu kulikuwa na alama tatu za duara, zilizoachwa na masufuria ya kukingia maji. Pembeni palikuwa pakavu, nafasi ya mtu mmoja aliyejikunja.

Nimerudi nikafungua kaye hii ukurasa wa tarehe ishirini na tano Septemba. "Hakuna shida, papa." Niliiandika bila kuisoma.

Kosa la makala lilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anausamehe upesi. Lakini juu ya shitingi sikuwa mjinga. Nilijua paa linavuja. Aliniambia.

Jumatano, 19 Novemba

Nimemwambia Séraphine kila kitu, pamoja na neno nililosema barazani, pamoja na mvua ambayo haikupunguka. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Nimekusikia," akakata simu. Simu haijalia tena tangu hapo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimetengeneza paa la aneksi. Anastase alishika ngazi. Nimeondoa shitingi yote kwenye nyumba na kuitandika kule. Nimefanya kazi hii nikijua vizuri hakuna aliyelala chini ya paa hilo.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekwenda misa. Philomène hakuwepo. Mama mmoja wa kwaya alisema tangu mwezi uliopita hajamwona. Mwingine alisema alisikia yuko Kituku, kule ziwani, anafanya kazi ya sambaza, wale dagaa.

Kapiteni anakula. Bido inafanya kazi kuliko ampuli.

Jumatano, 26 Novemba

Nimefika Kituku mapema, mitumbwi ikiwa bado inarudi na sambaza za usiku. Ukungu juu ya ziwa, upepo wa kukata masikio. Wanawake walikuwa wameinama juu ya nyavu zilizotandazwa, wanatandika vile visamaki vidogo ili vikauke kabla mvua haijarudi. Nilitembea kati yao na koti langu la biro, lile la ofisini, nikiona aibu ya viatu vyangu vikavu.

Yeye ndiye aliyeniona kwanza.

"Papa Fortunat. Unatafuta samaki?"

Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa maji. Nilitoa kitenge chake kwenye mfuko, kimefuliwa na kupigwa pasi, nikampa kwa mikono miwili. Alikipokea, akakifunga kiunoni palepale juu ya kile kilicholowa.

"Kapiteni anakula?" akauliza.

"Anakula. Anakuita."

Alitabasamu, akageuka upande ili nisione.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilisema yote vibaya. Nilimwambia juu ya Anastase, juu ya mlango uliovunjwa, juu ya sumu isiyo na moshi. Nilimwambia alisema kweli tangu siku ya kwanza. Nilimwambia neno lile la watu wa kambi lilitoka mdomoni mwangu na si la mtu mwingine, na kwamba kama ningeweza kulimeza ningelimeza. Wanawake wa jirani waliacha kutandika. Sikupunguza sauti, maana siku ile nilimtukana majirani wakisikia.

"Nimetengeneza paa," nikasema. "Haivuji tena. Aneksi ni yako. Hata leo."

Philomène aliokota sambaza tatu zilizoanguka kwenye mchanga, akazisafisha moja moja kwa kidole gumba, akazirudisha juu ya wavu.

"Asante kwa kuja, papa. Umetoka mbali, na mutu wa umri wako haombi musamaha mbele ya watu. Nimeona." Akanyoosha mgongo. "Lakini sitarudi. Hapa ni baridi, ni kweli. Asubuhi sisikii miguu. Lakini nikisema kitu, banasikia. Nikisema wavu huu utaoza, tunaubadilisha."

"Mama Séraphine atakulilia."

"Mama Séraphine nitamusalimia kanisani. Nilikuwa naona haya kuja na miguu hii ya samaki. Nitakuja."

Nilikuwa nimegeuka nusu kuondoka aliponiita.

"Papa, nikuulize neno moja. Usikasirike."

"Uliza."

"Kama huyu wa pili hangeanguka. Kama papa Anastase angebaki Kalengera, na wewe mwenyewe haungegonjwa. Ungekuja?"

Mtumbwi ulikuwa unaingia, watu wakakimbilia kuuvuta. Nilitafuta jibu lenye heshima na sikulipata. Nikabaki nimesimama mbele yake kama mwanafunzi asiyejua somo.

"Basi," akasema kwa upole. "Vuka salama barabara ile, pikipiki ni nyingi."

Akarudi kuinama.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua.

Jumapili, 30 Novemba

Majilio. Philomène alikuwa kanisani, safu ya nyuma, na kitenge chake. Alinisalimia kwa kichwa. Nilimsalimia. Jioni nimempigia Séraphine, nikamweleza ya Kituku kwa ufupi.

Ijumaa, 5 Desemba

Kapiteni amepiga filimbi leo, mara moja, bila nguvu. Nilikuwa nabadilisha maji ya bido. Zamani ningejisifu kwenye simu.

Jumapili, 14 Desemba

Séraphine amerudi. Nilimpokea bandarini, tukabeba mizigo bila maneno mengi. Ameleta picha za mtoto. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa Kapiteni, akamtoa, akampa shavu. Kisha akaenda ukuta wa nyuma, akakaa mbele ya yale mawe ya Sista, na mimi nikamwacha.

Baada ya chakula aliniambia, "Sasa niambie ya Kituku. Yote. Mu simu ulinieleza nusu nusu."

Nilimweleza: viatu vyangu, vidole vyake, paa, sambaza zilizoanguka. Nilitaka kuishia pale aliposema asante. Lakini Séraphine alikuwa ananitazama, nikamwambia na lile swali la mwisho.

"Na ulijibu nini?"

"Sikujibu."

"Philomène hakuuliza ili akuaibishe, Fortunat. Yule ni mutu anayependa kujua ukweli wa kitu, kama ni hewa, kama ni mutu. Unajua jibu?"

"Ninajua."

"Basi si mimi wa kuambiwa."

Ameondoa sahani, akaenda kulala, safari imemchosha. Mimi nimebaki na kaye. Kesho, nikijaliwa uzima, nitashuka tena Kituku, nimpelekee Philomène jibu la swali lake kama alivyoliuliza, mbele ya wale wale waliosikia. Si jibu la kumrudisha. Nalitanguliza hapa kwa wino, ili kukicha nisilipambe.

Nisingekwenda.